Safari ya Siku Moja Kwenda Korntal

Wasomaji wengi wa gazeti hili walisoma shuleni habari za Dakta Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, wamisionari wawili walioanzisha misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, katika mwaka 1846. Lakini sidhani kwamba wengi wamepata kujiuliza watu hao walizikwa wapi. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Rabai, nikasomeshwa na misheni, na tangu utoto nimelipita kanisa lile la zamani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu; hata hivyo swali hilo halikunijia mpaka Oktoba mwaka 2018, nilipokwenda kumuaga babu yangu kabla ya safari ya kikazi.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Stuttgart, katika nchi ya Ujerumani, kwa mafunzo ya majuma matatu juu ya utunzaji wa majalada. Babu, ambaye hata leo huiita nchi ile Udachi, aliposikia jina la mji huo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huko ndiko walikolala wazee wetu wale wawili. Mahali penyewe huitwa Korntal. Nenda ukawasalimu."

"Nitajaribu, babu," nikamjibu.

"Sikukuambia ujaribu, mjukuu wangu. Nimekuambia uende."

Akaingia ndani akatoka na vitu viwili. Kimoja kilikuwa bahasha yenye picha ya kanisa la Rabai, niwape Wakristo wa huko, kwa maana si adabu kwenda kwa watu mikono mitupu. Cha pili kilikuwa mwavuli wake mweusi, mrefu, wa mpini wa mti, alionunua siku nyingi zilizopita. Alisema amesikia kwamba mvua ya Ulaya haina msimu.

Wale waliopata kupelekwa mafunzoni wanajua jinsi majuma matatu yapitavyo. Siku za kazi ni darasa tangu asubuhi hata jioni, na Jumapili mbili za kwanza ziliandaliwa na wenyeji wetu, tukaenda kwa basi pamoja kama watoto wa shule. Ikabaki Jumapili moja tu, tarehe 28 Oktoba. Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa nipande ndege kurudi nyumbani. Kama sikufika Korntal siku hiyo, ningemwambia nini mzee?

Nikaamka mapema, nikavaa suti yangu na viatu vyangu vyeusi, nikashuka chumba cha kulia saa moja kamili. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikangoja. Hapakuwa na mtu, wala harufu ya kahawa, wala sauti ya sahani. Nilipoona dakika ishirini zimepita nikakasirika, nikasema moyoni kwamba watu hawa wamewasahau wageni wao, nikaondoka bila chai. Kumbe kosa lilikuwa langu. Katika nchi za Ulaya saa husogezwa mbele majira ya masika yao, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma kwa saa moja. Tulikuwa tumeambiwa darasani siku ya Ijumaa, lakini nilidhani ni mzaha. Simu hujirekebisha yenyewe, ila mimi ni mtu wa saa ya mkono, na saa ya mkono haijui sheria za Ulaya. Nilipofika stesheni na kuiona saa ya ukutani ndipo nikafahamu kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya mlango ule saa kumi na mbili ya asubuhi, na kuwalaumu watu waliolala kwa haki yao.

Magari ya moshi ya kwenda vitongoji vya Stuttgart huondoka katika stesheni iliyochimbwa chini ya ardhi. Nasema magari ya moshi kwa mazoea tu, maana hayana moshi. Yote huendeshwa kwa umeme. Nikanunua tikiti ya siku nzima, iliyoniruhusu kupanda na kushuka popote, na hilo ndilo jambo moja la busara nililolifanya asubuhi ile. Korntal haiko mbali, ni mwendo wa kama robo saa. Nikakaa karibu na dirisha, nikautundika mwavuli kando yangu. Behewa lilikuwa na joto zuri, nami nilikuwa nimekosa usingizi wa kutosha. Msomaji amekwisha kubuni yaliyofuata.

Nilipofumbua macho gari lilikuwa limesimama, na behewa ni tupu. Nje palikuwa na kibao kilichoandikwa Weil der Stadt. Dereva alikuwa akitembea kutoka kichwa kimoja cha gari kwenda kichwa cha pili, tayari kulirudisha lilikotoka. Nikamwonyesha karatasi yangu yenye jina la Korntal. Akacheka bila ubaya, akanyosha kidole kule nyuma, kisha akanionyesha kwa vidole dakika zilizobaki kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimefika mwisho wa reli.

Hapo ningalikaa kimya kitini pangu, mambo yangalikwisha. Lakini njaa ni mshauri mbaya. Niliona watu wakitoka mjini na mifuko ya mikate, nikakumbuka kwamba Jumapili maduka ya nchi ile hufungwa, ila waoka mikate hufungua kwa saa chache za asubuhi. Nikateremka mbio. Nikapata mkate wao uliosokotwa kama fundo la kamba, wenye chembe za chumvi juu, nikasimama kuhesabu sarafu nisizozizoea huku watu wananingoja nyuma yangu. Niliporudi stesheni gari lilikuwa linaondoka, nalo limeuchukua mwavuli wa babu.

Nisingependa wasomaji wadhani kwamba nilipoteza bure muda ule wa kungoja gari jingine. Weil der Stadt ni mji mdogo wenye kuta za kale, na ndipo alipozaliwa Johannes Kepler, tarehe 27 Desemba mwaka 1571. Huyu ndiye mtaalamu aliyevumbua kwamba sayari hazilizunguki jua kwa duara kamili, bali kwa njia iliyorefuka kidogo kama yai. Sanamu yake imo katikati ya uwanja wa soko, iliwekwa mwaka 1870. Nikaitazama nikila mkate wangu. Mtu aliyeweza kukadiria mwendo wa sayari ya Mars alizaliwa pale pale ambapo mimi nilishindwa kukadiria mwendo wa gari la moshi.

Habari ya mwavuli iliniuma zaidi kwa sababu moja. Rebmann alipofunga safari ya kwenda Uchagani mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, hakubeba silaha. Alikwenda na mwavuli wake. Watu wa pwani walimwona hana akili, kupita nyika yenye simba na wanyang'anyi kwa mwavuli. Naye akaenda akarudi, na tarehe 11 Mei mwaka huo akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mimi niliyekuwa nikienda kumsalimu sikuweza kuutunza mwavuli kwa mwendo wa chini ya saa moja.

Nilifika Korntal kabla ya adhuhuri. Ni mji mtulivu, wa nyumba safi na miti mingi, ulioanzishwa mwaka 1819 na Wakristo waliotaka kuishi pamoja kwa kufuata Injili bila kuingiliwa na kanisa la serikali ya wakati ule. Kwa mtu wa Rabai jambo hili linaeleza mengi. Kijiji cha misheni, chenye kanisa katikati na shule kando yake, ambacho sisi tulikizoea tukidhani ni desturi ya Wazungu wote, watu hawa walikuwa nacho kwao pia, na majirani zao wa Kijerumani waliwastaajabia.

Nikamwuliza kijana mmoja wa baiskeli njia ya makaburini. Akanielekeza vizuri sana, na nikafika bila kupotea. Nikaanza kusoma majina safu kwa safu. Makaburi ya Ujerumani hutunzwa kama bustani, kila moja na maua yake, na debe za kumwagilia zimetundikwa karibu na bomba. Nilisoma majina kwa muda wa saa nzima. Hapakuwa na Krapf, wala Rebmann. Na kila nilivyoendelea nikaona kwamba miaka iliyoandikwa juu ya mawe ni ya juzi juzi tu. Mvua ikaanza kunyesha, ile nyembamba isiyo na haraka. Nilipoharakisha kwenda chini ya mti, wayo wa kiatu changu cha kuume ukabanduka kuanzia kidoleni hata katikati, ukawa unapiga makofi kila nikanyagapo.

Wakati huo nilimkumbuka Krapf. Mwaka 1851 alikuwa katika nchi ya Wakamba, akisafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mkubwa mmoja mashuhuri wa Kitui. Wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayatia katika ala ya ngozi ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki yake, kisha akaziba mitutu kwa majani. Usiku vichaka vikayang'oa majani yale, na maji ya bunduki yakamwagika yote. Baada ya kuikumbuka habari hiyo sikuona sababu ya kuendelea kulalamika juu ya kiatu.

Ndipo akaja mama mmoja mzee, amebeba maua yaliyofungwa kwa kamba. Akanisalimu, "Grüß Gott," maana watu wa upande ule husalimiana kwa kumtaja Mungu. Nikavua kofia, nikamwonyesha karatasi yangu. Aliposoma majina yale mawili akanitazama usoni, kisha akatazama kiatu, kisha akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Wewe umetoka Afrika kuja kwao?" Nikasema, "Ndiyo, mama, nimetoka Rabai." Jina la Rabai alilijua! Nakiri kwamba nilitokwa na machozi kidogo, ingawa kwa ajili ya mvua hakuna aliyeweza kuyatambua.

Akanieleza kwamba haya ni makaburi mapya. Ninaowatafuta wamo katika makaburi ya zamani. Akayaweka maua juu ya kaburi la mumewe, akaifungua ile kamba, akanipa. Nikakifunga kiatu changu kama mzigo wa kuni, tukaondoka pamoja, yeye akinifunika kwa mwavuli wake.

Hivyo ndivyo nilivyofika. Wamezikwa katika uwanja mmoja: Rebmann aliyefariki tarehe 4 Oktoba mwaka 1876, na Krapf aliyemfuata tarehe 26 Novemba mwaka 1881. Mama yule akasimama mbali kidogo, akaniacha. Nikawaamkia kwa lugha ya nyumbani kama nilivyoagizwa, kwa sauti ndogo, nikataja jina la babu na la baba yake. Kisha sikujua la kufanya. Katika desturi zetu mtu akisalimu hujibiwa.

Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuwa na mkewe, Rosine. Haikupita miezi mingi, mkewe akajifungua mtoto wa kike, na katika Julai mwaka huo huo mama akafa kwa homa, na mtoto naye akafuata. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, na nakiri kwa aibu kwamba mimi, niliyekuwa nikivuka daraja la Nyali mara kwa mara kwa kazi za serikali, nilikuwa sijapata kwenda kulitazama. Nilisafiri bara zima kumsalimu mume, na mke aliye mlangoni petu sijamsalimu.

Miaka miwili baadaye Krapf na Rebmann walipanda kwenda kukaa Rabai, wote wawili wakiwa na homa siku ile ile. Wazee wa Rabai waliwapokea na kuwapa mahali. Watu waliobatizwa katika miaka ile ya kwanza walikuwa wachache mno. Krapf, ambaye afya yake iliharibika, aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki. Alikaa pwani miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, mkewe akafia huko mwaka 1866, na mwisho macho yake yakapofuka. Mwaka 1875 alirudi Ulaya akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mtu wa Rabai, mwana wa mmoja wa waongofu wa kwanza. Habari hii vitabu huipitia kwa sentensi moja. Lakini babu yangu huitaja kila mara azungumzapo juu ya Rebmann, na nilipokuwa pale nikaelewa kwa nini. Mzungu alikuja kutuongoza, wasema vitabu. Na alipokwenda zake aliongozwa na sisi.

Wako watu siku hizi wasiopenda kusikia habari za wamisionari, nao wana sababu zao. Hata mimi hucheka nisomapo kwamba Rebmann "aliuvumbua" Kilimanjaro, kana kwamba Wachagga walikuwa hawajainua macho. Na mabingwa wa jiografia huko London, waliokuwa hawajafika Afrika Mashariki, walimkatalia kabisa. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Krapf alipouona mlima Kenya kutoka Kitui mwaka 1849 naye hakusadikiwa. Jina la nchi yetu lilipatikana kutokana na vile Wakamba walivyoutaja mlima huo na vile yeye alivyolisikia na kuliandika.

Lakini mimi ni karani, na nina deni langu la pekee kwao. Sarufi ya Kiswahili aliyoitunga Krapf ilipigwa chapa katika mji wa Tübingen mwaka 1850, si mbali na kijiji alichozaliwa, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Maneno mengi niandikayo kila siku katika barua za ofisi mtu huyu aliyaandika kabla yangu, akiwauliza wazee wa pwani neno kwa neno.

Mama yule akakohoa. Nilikuwa nimelowa. Akanichukua nyumbani kwake bila kuniuliza kama nataka, kama vile mama yangu angalivyofanya. Akanipa dengu zilizopikwa pamoja na tambi nene za mayai, ambacho ndicho chakula cha nchi ile, na kwa kweli kama si soseji iliyolazwa juu yake ningalidhani niko Mazeras. Mwanawe, mtu wa makamo, akakichukua kiatu changu, akakipaka gundi, akakibana kwa chuma cha useremala juu ya meza. Tukakaa tukizungumza nikiwa na kiatu kimoja. Walitaka kujua Rabai ni pakubwa kiasi gani, mvua hunyesha lini, minazi huzaa mara ngapi. Nikaitoa ile bahasha katika mfuko wa koti. Ilikuwa imelowa pembeni, lakini picha yenyewe ilikuwa nzima. Mama akaitazama kwa muda mrefu, akaahidi kuipeleka kanisani Jumapili itakayofuata. Akaniuliza yule mtu mdogo anayeonekana mlangoni mwa kanisa ni nani. Nikaangalia vizuri. Alikuwa babu mwenyewe, na mwavuli wake umefungwa mkononi.

Nilitaka sana kufika pia Gerlingen, alikozaliwa Rebmann mwaka 1820, mji ulio jirani. Kwa sababu ya ile saa iliyorudishwa nyuma, jua lilikuwa linakaribia kuzama saa kumi na moja ya jioni. Yule bwana akanipeleka kwa motokaa yake. Tulipofika giza lilikuwa limeingia, sikuona ila mnara wa kanisa na taa za nyumba, na milima midogo nyuma yake. Tulisimama dakika kumi. Kisha akanipeleka penye treni ya mjini, ambayo huenda moja kwa moja hata Stuttgart, akamwambia abiria mmoja neno kwa Kijerumani, akacheka. Nilipofika stesheni yangu abiria yule alinigusa bega ili nisipitilizwe, ingawa nilikuwa macho kabisa.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na nafasi ya kwenda kuuliza habari za mwavuli katika ofisi ya vitu vilivyopotea. Nikaondoka.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilivuka daraja la Nyali nikaenda kulitazama kaburi la Rosine, na kutoka huko nikapanda matatu kwenda Rabai. Babu alinisikiliza tangu mwanzo hata mwisho, juu ya mama yule, na makaburi, na picha, na kiatu. Alitaka nimweleze tena pale nilipotaja jina la baba yake mbele ya makaburi. Kisha akanyamaza, akatazama mlangoni nilikoviweka vitu vyangu.

"Na mwavuli?" akauliza.

Nikamweleza. Baadaye nilimnunulia mwingine Mombasa, wa bei nzuri. Huutumia, lakini husema ni mfupi.